Chai ya Mama Sada

Liège, Ubelgiji, Jumapili

Mama yangu,

Naomba salamu hizi zikukute umekaa barazani pako hapo Buyenzi, Bujumbura, goti limetulia na sukari haijapanda. Kaka Issa ndiye anayekusomea. Issa, soma yote, usiruke mahali hata Mama akikukazia macho.

Kwenye simu nilikwambia nimefanyiwa operesheni ndogo. Haikuwa ndogo, Mama. Wametoa mfuko wangu wote wa chakula, wakaunganisha koo na utumbo. Usilie. Niko hai, natembea, nimeanza kurudi kazini kule kwenye nyumba ya wazee. Nakula kidogo kidogo kutwa nzima kama kuku. Ugali bado unanishinda, na ndagala, dagaa zetu za ziwani, naziota tu.

Ilianza hivi. Nilikuwa nikila vijiko vichache nimeshiba, halafu maumivu yananishika mpaka mgongoni. Daktari, mwanamke mpole, akaniuliza kwetu nani amekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Nikamwambia baba, na kabla yake shangazi, dada yake baba. Akauliza kiliwaua nini. Jibu letu unalijua. Nikasema, "Kwetu tunasema walilishwa sumu." Hakucheka. Akaomba damu yangu.

Majibu yaliporudi alinieleza polepole, nami nakueleza hivyo hivyo. Mwili umejengwa kwa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, wanaviita seli. Vinashikana kwa protini inayoitwa kadherini. Baba alikuwa mwashi, kwa hiyo nilielewa upesi: hiyo ndiyo sementi. Katika ukoo wa baba, maelekezo ya kutengeneza sementi hiyo yana kasoro, na mtu huzaliwa nayo. Ikikosekana ndani ya mfuko wa chakula, seli zinaachana, zinapenya moja moja ndani ya ukuta wake, na hiyo ndiyo kansa yenyewe. Mara nyingi haifanyi uvimbe wa kushikika. Ndiyo maana mtu anaonekana mzima, halafu ghafla anakonda na kutapika. Ndivyo alivyokwenda shangazi, na ndivyo alivyokwenda baba.

Hakuna aliyemlisha kitu, Mama.

Unakumbuka siku ya msiba. Mama Sada, mke mwenzio, alikuja na birika la chai. Kwa kuwa baba alianza kutapika akiwa nyumbani kwake, watu wote walikuwa wakimtazama mikono. Akajimiminia, akanywa mbele yetu, kama mwenyeji anavyoonja ili mgeni asiwe na shaka. Kisha akajaza vikombe vyote. Hakuna aliyegusa. Ukanishika mkono ukaniambia, "We mutoto, usikunywe kitu ya ule mwanamuke." Vikombe vikapoa palepale kwenye mkeka. Wiki haikuisha, akambeba Sada mgongoni wakahamia Ruziba, na toka hapo tumemwita muuaji. Sikulaumu. Ulikuwa umefiwa, na ukewenza si jambo jepesi. Lakini nikikumbuka vile vikombe naona aibu, tena naumia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kazi. Sada ni mwanamke mzima, anauza samaki wa mikeke kando ya ziwa, na nasikia ana mtoto anayenyonya. Naye ni mtoto wa baba. Kila mtoto wa baba anaweza kuwa ameirithi kasoro hii au hakuirithi, nusu kwa nusu. Issa amekubali kupimwa. Sada nilimpigia simu. Alipojua ni mimi akasema, "Apana, dada. Nyinyi mulikwisha kutuzika," akakata, na hajapokea tena. Issa alipokwenda Ruziba, Mama Sada hakumfungulia mlango. Anayengojwa pale ni wewe, Mama, na nadhani unalijua hilo kuliko mimi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya daktari kwa Kifaransa. Daktari yeyote wa hapo Buja ataielewa, na huyu wangu amekubali kusaidia damu ya Sada ipimwe huku. Mwambie Sada kuwa na kasoro hii si kufa. Mimi waliniwahi, na yeye anaweza kuwahiwa. Asingoje mpaka aanze kukonda.

Nisalimie bibi mzaa mama, shemeji mke wa Issa na wanawe, na mjomba wa gereji. Mwambie koti lake la baridi nimeshalinunua, aache kuniulizia.

Najua hodi yako itakuwa nzito mdomoni. Huenda Mama Sada akakutukana. Mwache aseme, ana haki yake. Akimaliza, kwa jinsi ninavyomjua, atakutengea chai, na mkono wake utakwenda kwenye kikombe chako ili aonje kwanza. Mzuie, Mama. Kichukue wewe, unywe.

Mwanao aliye mbali,
Zuhura