Binti Yangu Ananiita kwa Sauti ya Marehemu Baba Yake

Watu wengi wakisikia mwanariadha anatumia dawa za kuongeza nguvu, hukosea pale pale: hudhani balaa huanza siku anapopimwa na kukamatwa. Someni kwanza barua hii ya mama mmoja, fundi cherehani, kisha tuzungumze.

Mshauri, shikamoo. Nisaidie, maana nyumbani kwangu kuna sauti ambayo haikupaswa kuwepo. Mume wangu alifariki akaniachia binti mmoja, sasa ni msichana mkubwa anakimbia mbio fupi kwenye klabu inayomlipa mshahara, na mwaka jana kocha alianza kumpa vidonge akasema ni vitamini, chupa yenyewe imebanduliwa karatasi, basi kasi ikaongezeka kweli na medali zikaja, lakini sauti nayo ikaanza kushuka, tukadhani mafua, ikashuka tena, mpaka siku moja niko kwenye cherehani nikasikia nyuma ya pazia, "Fundi, chai ya mwenye nyumba iko wapi?" nikaitika, "Abee, mume wangu," kabla sijakumbuka kwamba huyo ninayemwitikia nilishamzika.

Alikuwa binti yangu anatania, ndivyo baba yake alivyokuwa akiniita. Kisha wifi yangu akapiga simu, binti akapokea, wifi akapiga yowe na kuangusha simu, kesho yake akaja mbio: "Mtoto asiguswe! Kaka yangu amerudi, au ulitaka arudi na mabegi ndiyo uamini?" Nami nikaamini, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilitaka kuamini. Nilipompima nguo mabega yamepanuka, nikamvalisha koti la baba yake nililolishona mwenyewe, likamkaa bila kupunguza hata uzi, akasimama akiwa amenipa mgongo, nami sikumwambia ageuke. Kidevuni ana nywele, hedhi imekatika, na mwenzake wa klabuni amefungiwa miaka minne. Juzi akaniambia, "Mama, naogopa, nataka kuacha," nami nikamjibu, "Subiri kwanza, mwanangu," na haikuwa kwa ajili ya medali, mshauri, niliogopa kwamba akiacha vidonge nitamzika mume wangu mara ya pili. Nifanye nini?

Fundi Mjane

Mama Fundi, pole kwa msiba, maana naona bado hujatoka msibani. Ila pole hiyo hainizuii kukugombeza.

Hakuna aliyerudi. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa na homoni za kiume, zile zile zinazovunja sauti ya mvulana anapobalehe. Kwa msichana hunenepesha nyuzi za sauti kooni, na binti aliyerithi koo la baba yake atatoa sauti ya nani, ya jirani? Wifi yako aliona mzimu. Wewe mwenye futi ya kupimia mkononi ulipaswa kuona ugonjwa. Mabega hayapanuki hivyo kwa baraka za marehemu.

Sasa sikia litakalokuuma zaidi. Sauti ikishashuka kiasi hicho, mara nyingi hairudi hata dawa zikiachwa. Kwa hiyo umekuwa ukilinda kisichoondoka, huku ukiachia vinavyoweza kuokolewa: ini lake, moyo wake, uzazi wake. Mtoto alikuja kwako, akakuambia anaogopa, nawe ukamsikia baba tu. Hilo ndilo lililonisisimua mwili nilipoisoma barua yako, wala si yowe la wifi.

Unauliza moyoni, na klabu je? Huenda akafungiwa. Huenda medali zikachukuliwa na watu wakamcheka. Lakini anayejitokeza mwenyewe na kumtaja aliyempa dawa husikilizwa kwa sikio jingine. Anayengoja kukamatwa hana cha kujitetea. Usimwendee kocha kugombana naye, utampa nafasi ya kufuta nyayo. Chupa usiitupe, ndiyo shahidi wenu. Binti asimeze kidonge kingine mpaka daktari amwone. Koti likunje, lirudi sandukuni. Na akikuita tena kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ile ile, usiitike mumeo. Itika, "Nakuja, mwanangu."

Leo hii, kabla ya saa ya mazoezi, chukua ile chupa, mshike binti yako mkono, mwende hospitali.