Korongo la Busi Ukutani Kwetu

Mama Neema,

Mvua zimeanza. Ukuta wa mbele umepasuka. Nimeona wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, maana ukuta ni wako.

Kuandika kwangu unakujua. Tulikaa benchi moja kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukashika haraka, mimi nikabaki natazama mkono wako. Utavumilia.

Nakumbuka ulivyoanza kuchora. Ulikuwa umemaliza kukandika nyumba, udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, bado mbichi. Ukakoroga majivu na maji. Ukavuta mstari mnene kwa kidole, toka chini mpaka karibu na paa. Ukaugawa mara mbili. Kila mmoja ukaugawa tena, na tena. Kidole kikawa kinene mno, ukashika bua la uwele. Bua nalo likashindwa, ukachukua mwiba. Mimi nimetoka shamba la zabibu Makutupora, nimechoka, ugali umepoa.

"Mti gani huo?" nikauliza.

"Siyo mti. Ni korongo la maji ya mvua, la kwetu Busi. Lina watoto, na watoto wana watoto. Msogelee aliye mdogo kabisa, uone kama hana sura ya mama yao."

Nikasogea mpaka pua ikagusa majivu. Kweli anayo. Ukanicheka, nina doa jeupe puani.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua ulilikandika lote bila huruma, ukachora jingine. Baba Yohana jirani akapita siku moja akakutania, "Shemeji, hii ndiyo ramani ya kutorokea kwenu?"

Hukugeuka hata. "Nikitoroka nawaachia ramani hapo hapo ukutani. Mnifuate."

Tulicheka sana. Sasa sicheki.

Mwaka huu wanawake walikuja na ndoo za udongo. Mgane hakandiki nyumba mwenyewe, unajua desturi. Nikasimama mlangoni. Nikasema msiguse.

"Shemeji, nyumba itakuangukia," Mama Yohana akasema.

"Iniangukie."

Wakaondoka. Yeye akaacha ndoo yake makusudi.

Basi mvua ikaja. Maji yakashuka toka paani, yakachimba mfereji katikati ya mchoro wako. Mfereji ukazaa watoto. Watoto wakazaa watoto. Nikatazama nikasema, haya maji nayo kwao ni Busi.

Jumapili Neema akaja kutoka mjini. Shikamoo kwanza, halafu akauona ukuta akashika kichwa. Ofisini anakopiga chapa wameletewa kompyuta. Wenzake wakienda kula mchana, yeye anabaki anaichoresha. Anasema unaiambia irudie umbo lile lile, dogo zaidi, dogo zaidi, yenyewe haichoki. Halafu unachagua kona moja unaivuta karibu, ndani unakuta jingine. Unaingia humo huoni mwisho. Kazini hawamlipi kwa hilo. Anapenda tu. Chakula chake kinapoa, kama changu enzi zako.

Kaniletea moja kwenye karatasi.

"Baba, kandika. Ukuta huu utakuua. Korongo la mama ndilo hili, na mvua hailifikii."

Nimelitazama. Zuri, sisemi uongo. Nikatafuta pale ulipopiga chafya, mwiba ukateleza, njia ikapinda kama mkia wa mbuzi. Haipo.

"Mama alikuwa anafuta kila mwaka," akasema. "Wewe nani usifute?"

"Mama alikuwa na mkono wa kurudishia."

Alipoondoka alinishika bega, kama vile mimi ndiye mtoto.

Neno lake halikunitoka. Leo asubuhi jua limewaka kidogo, nikaichukua ndoo ya Mama Yohana. Nimekandika mwenyewe, watu wanapita wananiona, waseme. Nilianza chini. Ulikuwa unaondoka kidogo kidogo chini ya kiganja changu. Mkia wa mbuzi nikauacha mwisho. Nao nikaukandika.

Ukuta ukabaki mwekundu mtupu. Siku ya mazishi yako sikulia, watu wakasema huyu mwanaume mgumu. Leo nimelia, mikono ina mavi ya ng'ombe, sina hata pa kujifutia.

Nikakoroga majivu. Shambani kazi yangu ni kukata matawi, kuyaotesha sijawahi. Nikavuta mstari mmoja. Umepinda. Nikaugawa mara mbili. Kila mmoja nikaugawa tena. Hapo mkono ukasimama.

Njia ni nne, Mama Neema. Ulisema tukufuate, na mimi sijui wewe ulipita ipi.

Nimeliacha hapo. Udongo bado mbichi. Pumzika.

Mumeo,
Baba Neema