Bi Chiku Niliyemfanya Mchawi

Anti Recho, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana tangu jana chakula hakishuki.

Mimi ni mwalimu kutoka bara, nafundisha Baleni huku kisiwani Mafia, na filamu za kutisha ndiyo ulevi wangu, nazijua kanuni zake zote, mbishi anakufa wa kwanza, mlango unafunguka wenyewe, na lazima awepo bibi kizee asiyesema neno, anakodoa macho tu, basi nikaamua kutengeneza ya kwangu kwa simu, ya kuwaonya wanaovua kwa baruti ndani ya hifadhi ya bahari, kwamba wakilipua tu bibi anawaroga mmoja mmoja, na bibi nikampata, jirani yangu Bi Chiku, mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kukausha nazi za mbata, akafurahi mno, akakataa hata kubadilishwa jina, "Mwalimu, wasije wakasema si mimi!" tukapiga picha mlangoni kwake, amevaa kanga yake mwenyewe. Kila mara alikuwa akisahau, anacheka, ananiuliza kama nimekula. Vipande hivyo vyote nikaviondoa, kwa sababu mchawi wa filamu hacheki.

Filamu ikasambaa kwenye simu hadi kijiji cha Bweni. Mwanzoni watu walimtania tu. Wiki iliyopita mtoto wa Zuena, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Chiku, akashikwa na degedege, na kwenye filamu yangu mtoto wa mvuvi anashikwa na degedege vilevile, Anti, niliandika mimi kwa mkono wangu! Mtoto amelazwa Kilindoni, daktari kasema ni malaria, anaendelea vizuri, lakini nani anasikiliza? Wanawake wanamkimbia Bi Chiku kisimani, muhogo wake hakuna anayeupokea, na jana vijana wameupaka mlango wake masizi wakamwambia Ijumaa isimkute kijijini. Nilikuwepo. Nilinyamaza, nikiogopa watanigeukia mimi mgeni. Bi Chiku akaniangalia akauliza, "Mwalimu, mle ndani ya filamu nilikosea wapi?"

Nikaingia ndani kwangu nikafunga mlango. Je, niombe uhamisho?

Fredy, Baleni

ANTI RECHO ANAJIBU:

Marahaba, Mwalimu, ingawa leo nimeiitikia kwa shida. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Uhamisho? Yaani wewe upande boti uende zako, yeye abaki na masizi yako mlangoni?

Najua hukukusudia ubaya, na hofu ya ugenini naifahamu, nimeishi nayo miaka. Lakini wewe unayezijua kanuni zote, umemsahau mtu mmoja wa filamu hizo: yule anayejua ukweli, anaiona hatari, halafu anakaa kimya ajiokoe. Huyo tunamzomea kuliko hata mchawi. Ndiye wewe, mwanangu.

Sasa inuka. Leo hii nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, wataje waliomtishia, usimfiche mtu. Mwombe Zuena, kwa adabu, akubali daktari awaeleze watu ugonjwa wa mwanawe. Na vile vipande ulivyoviondoa, omba Mungu viwe bado kwenye simu. Kesho mchana waite watu wote uwanja wa shule, simama mbele yao useme bila kumung'unya maneno: degedege ya kwenye filamu niliitunga mimi, mchawi nilimtunga mimi. Kisha waonyeshe Bi Chiku akisahau, akicheka, akikuuliza kama umekula. Huyo ndiye jirani yao, wewe uliwaficha.

Lakini kabla ya yote hayo pita kwake, chukua maji na tambara, ufute ule mlango kwa mkono wako, watu wakikuona. Alikuuliza swali, mjibu: "Bibi, hukukosea popote. Nimekosea mimi."

Na akikuuliza kama umekula, kaa hapo hapo barazani, ule.