Maji ya Bomba Yalale Kwanza

Remera, Kigali
12 Januari 1992

Kwako mdogo wangu Léonidas,

Amani ya Bwana iwe nawe, pamoja na Spès na watoto. Mnaamkaje huko Buja? Na mguu wako uliochomwa na mwiba wa samaki, umepona au bado unachechemea? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha cherehani kila jioni. Mungu asifiwe.

Nina jambo, na najua utacheka. Yule madamu niliyekuwa namshonea mapazia, pale karibu na Gisimenti, amerudi kwao Ulaya na familia yake. Vingine ameuza, vingine amegawa. Mimi alinipa samaki. Si wa kula! Ni wadogo kama kidole, wa kutazama tu, yeye aliwaita beta. Madume wawili na jike mmoja. Leo wangu, ungeona mapezi ya madume, yanaburuta nyuma kama pindo la gauni la bibi arusi! Kila dume ana chupa yake pana ya mayonezi, kwa maana wakikutana wanauana.

Nimeanza vibaya. Nilitaka kumbadilishia maji dume mmoja, yule mwekundu. Nikafungua bomba, nikajaza chupa, maji meupe mazuri, nikamtia. Akaruka kama aliyetiwa kwenye pilipili. Sijafika nusu ya rozari, amelala ubavu. Nikanusa yale maji: Javeli tupu, ile dawa ya kusafishia maji! Sisi tunakunywa hatudhuriki, yeye yamemuua. Amebaki dume mmoja, wa buluu, naye si kijana tena. Jirani yangu Mukagasana, unamjua kwa ulimi wake, alichungulia dirishani akasema, “Donatille, samaki anatiwa maji tena ya nini? Mtilie nyanya na kitunguu tumalize maneno.”

Sasa sikia kinachonisumbua. Mwezi wa nane parokia itafanya kermesi, sikukuu ya kuchangia paa la kanisa, na kutakuwa na maonyesho: sungura, kuku, njiwa, maua. Kuna sheria mpya. Kila mtu alete kilichozaliwa kwake, kwa sababu mwaka jana kuna mtu alinunua jogoo sokoni Kabuga asubuhi, na mchana jogoo akapewa nishani. Mdogo wangu, unajua Mungu hakunijalia mtoto, na marehemu mume wangu Arnaud aliondoka tukiwa wawili tu. Sinung’uniki. Lakini kila mwaka mimi nashona vitambaa vya meza za wengine. Mwaka huu nataka meza yangu, na juu yake kitu kilichozaliwa nyumbani mwangu.

Tegemeo langu ni huyu mzee wa buluu. Wewe kazi yako ni kuvua samaki wa mapambo ziwani wapelekwe Ulaya kwa ndege. Nifundishe: haya maji ya bomba niyafanyeje?

Dada yako,
Donatille


Bujumbura
30 Januari 1992

Dada yangu mpendwa Donatille,

Shikamoo, Dada. Barua yako imetukuta wote salama, na mguu umepona, sasa natembea kama bwana harusi. Spès anakusalimu. Anauliza kama unaongea na hao samaki. Nimemwambia, tangu lini Dada akakaa na kiumbe asiongee naye?

Maji ya bomba ni lazima yalale kwanza. Yateke, yatie kwenye beseni pana, yaache wazi yapate hewa, ile dawa iondoke yenyewe. Siku mbili zinatosha. Ukiwa na haraka, nenda kwa mpiga picha umwombe hipo, zile chembe kama chumvi ya mawe wanazokazia picha ndani ya chumba cha giza. Ziwe kavu, zisiwe zimechanganywa na kitu. Tia punje moja kwenye beseni, koroga, Javeli imekwisha. Halafu usimtoe samaki kwenye maji ya vuguvugu ukamtia kwenye baridi, atashtuka. Huko kwenu kuna baridi, kwa hiyo chupa zikae karibu na jiko.

Nimempa Sangwa, dereva wa basi, kifuko cha makombe ya ziwani yaliyopondwa, pamoja na chumvi. Utie kidogo, samaki wetu huku wakiyakosa hawana raha. Na mayai yakitoka, mtoe dume mara moja, umwache jike. Huku ziwani mama ndiye anayebeba watoto mdomoni mwake. Baba ni mzururaji. Niamini, Dada, nimezeeka kwenye maji haya.

Mdogo wako,
Léonidas


Remera, Kigali
8 Machi 1992

Mdogo wangu Léonidas,

Salamu za Kwaresima. Nyote hamjambo? Mimi sijambo mwilini, moyoni ndiko kuna maneno.

Nianze na sifa. Nilikwenda kwa Silvère, mpiga picha wa hapa Gisimenti. Nikamwambia, “Naomba dawa yako ya kukazia picha.”

“Mama umenunua kamera?”

“Nina samaki.”

“Unataka kumpiga picha samaki?”

“Nataka kumwogesha!”

Alicheka mpaka wateja wakageuka kutazama. Lakini alinifungia chembe kwenye karatasi, na kweli, Leo, punje moja tu na harufu ya Javeli ikaondoka kama pepo aliyekemewa. Siku nyingine naacha maji yalale yenyewe. Nyumba yangu imejaa mabeseni, mteja akija kupimwa gauni anaruka kama mbuzi.

Sasa yaliyobaki. Nilitia makombe yako na chumvi yako. Mzee wa buluu akakunja mapezi kama mwavuli, akalala chini, rangi ikamtoka. Nilimwaga yote, nikamwandalia maji yaliyolala na kupashwa moto, nikamhamisha kijiko kwa kijiko. Akafufuka. Tena akafurahi, akaanza kupuliza povu juu ya maji mpaka likawa kama povu la bia. Nikamtia jike. Wakakumbatiana, mayai yakatoka, meupe kama chembe za unga, na dume akawa anayaokota kwa mdomo na kuyapandisha kwenye povu.

Nikakumbuka neno lako. Nikamtoa dume. Alikuwa anagonga kioo cha chupa yake kwa pua, mimi nikamwambia tulia, mzururaji we. Nikaenda misa ya asubuhi kushukuru. Nikarudi. Leo, hakuna yai! Yule jike, mlezi wako, amewala wanangu wote, tumbo limemjaa kama mpira, ananitazama.

Mukagasana akasema, “Angalau kuna mmoja nyumba hii aliyekula samaki.”

Sijakukasirikia. Lakini huyu dume amechoka, sijui kama ana nguvu ya mara nyingine. Uliza watu, tafadhali, halafu uniambie unachokijua, si unachokidhania.

Dada yako,
Donatille


Bujumbura
22 Machi 1992

Dada yangu,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Spès alisoma barua yako kwa sauti mbele ya watoto, na sasa hapa nyumbani jina langu ni Mzururaji.

Nimemuuliza mzee mmoja kazini, anayefunga samaki kwenye mifuko ya safari. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. “Beta si wa ziwa,” akaniambia. “Kwao ni kwenye mashamba ya mpunga huko Asia, maji laini yaliyolala juu ya majani makavu. Na kwao baba ndiye anayejenga, baba ndiye anayelea. Wewe umempa dada yako maji ya ziwa na mama wa ziwa!”

Kwa hiyo, Dada: makombe tupa, chumvi pikia maharagwe. Mayai yakishapanda kwenye povu, mtoe jike, mwache baba mpaka watoto waogelee wenyewe. Nimekuokotea majani makavu ya mti wa mkungu kando ya barabara ya ziwani. Loweka mawili matatu ndani ya maji yaliyokwisha kulala. Yatageuka rangi ya chai, usiogope. Watoto kwanza wapewe vile vidudu visivyoonekana, vinavyoota kwenye maji ya jani la ndizi lililooza. Wakikua, viluwiluwi vya mbu.

Mpumzishe mzee, mpe chakula kizuri, halafu ujaribu. Tunakuombea hapa, hata mimi ambaye misa nachelewa.

Mdogo wako,
Léonidas Mzururaji


Remera, Kigali
24 Aprili 1992

Mdogo wangu, mzururaji wangu,

Aleluya! Bwana amefufuka, na nyumba yangu imejaa watoto.

Mko wazima? Mimi sina hata muda wa kuumwa mgongo. Mzee wa buluu alijaribu tena kabla ya Pasaka. Mvua zilikuwa zinanyesha, maji ya bomba yalikuja na harufu kali kuliko kawaida, basi nikayalaza, nikanusa, nikayalaza tena. Nikatia majani yako. Padri alipita kubariki nyumba, akaona beseni, akasema, “Mama Donatille, chai yote hii unamngoja nani?”

Nikamtoa jike kama ulivyosema. Leo, yule baba! Watoto walipoangua walining’inia kwenye povu kama nyuzi fupi. Mmoja akianguka, baba anashuka, anamdaka kwa mdomo, anampandisha. Anaanguka mwingine, anashuka tena. Hali chakula, halali usingizi. Mimi nilikaa na sindano mkononi, nguo ya mtu haijashonwa.

Habari ikaenea. Wanawake wa jumuiya yetu wakaanza kuwaleta waume zao. Nyiraneza alimvuta wake kwa mkono wa shati mpaka kwenye chupa. “Tazama. Tazama vizuri.”

Bwana akasema, “Mimi sina mdomo mkubwa kama huo.”

“Mdomo unao. Kazi ndiyo huna!”

Mukagasana pia alimleta wake, japo anadai walikuwa wanapita tu. Yeye bado ananilaumu: “Watu wanafukuza mbu, wewe unawafuga.” Lakini jana nimemwona anawahesabu watoto kwa kidole, midomo inacheza.

Ni wadogo kama vumbi, na kila siku wanapungua. Usiulize wamebaki wangapi. Wewe niombee tu.

Dada yako,
Donatille


Bujumbura
20 Julai 1992

Dada Donatille,

U mzima? Tangu Pasaka kimya. Nimemuuliza Sangwa, anasema alikuona barabarani umebeba beseni, ukampungia kwa kiwiko na kuendelea na safari. Hiyo ndiyo habari yote niliyo nayo. Spès anasema wamekufa na wewe huwezi kuandika. Mimi nasema hapana. Ikiwa wamekufa, niandikie tu, nitakuja hata kama kazini watanikatalia. Ikiwa wako hai na umenisahau, basi nitakuja kugombana.

Mdogo wako,
Léonidas


Remera, Kigali
18 Agosti 1992

Mdogo wangu mpendwa Léonidas,

Salamu zikufikie wewe, Spès na watoto, na mnisamehe kimya. Niliogopa kuandika. Niliona nikisema wako hai, kesho yake nitawakuta wamelala ubavu. Huo si ukristo, najua, nimeshauungama.

Wako hai. Kumi na mmoja! Madume ni wanne, na ilibidi kila mmoja apewe chupa yake, na kati ya chupa na chupa niweke kizuizi wasionane wakajichosha. Nilitumia picha za watakatifu za ukubwa wa daftari. Baba yao wa buluu alikufa mwezi wa sita, kwa uzee, taratibu, katika maji mazuri. Nililia kidogo. Mukagasana alikuja na uji, hakusema neno lolote baya, na hapo ndipo nilipojua msiba ni wa kweli.

Jumapili nikaenda kermesi. Nilibeba chupa mbili ndani ya kikapu, nimezifunga kwa kanga zisipoe, na maji ya akiba yaliyolala tangu Alhamisi. Nikaziweka juu ya meza, Mtakatifu Yosefu amesimama katikati. Katekista, mkubwa wa kamati, akaja, akainama, akatazama sana. Akasema kwa upole, “Mama Donatille, sheria unaijua. Hawa ni samaki wa madamu. Nani ameona wakizaliwa?”

Leo, ningesema nini? Mimi naishi peke yangu, nani anaona kinachozaliwa kwangu?

Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye sufuria za maharagwe. “Mimi!” Mukagasana alikuja na mwiko mkononi, watu wanampisha. “Mimi nimeona! Nimeruka mabeseni ya huyu mwanamke tangu Kwaresima. Mbu wake wametuuma mtaa mzima. Mume wangu alipelekwa kumtazama baba akilea, na tangu siku hiyo akimshika mtoto dakika mbili anadai asifiwe. Hawa nimewaona wakiwa kama uzi, nimewahesabu asubuhi na jioni! Ni watoto wa Donatille. Haya, andika!”

Katekista akatoa kalamu. Akaandika kwenye kikaratasi cha meza: *Wamezaliwa kwa Donatille.* Akakiegemeza kwenye chupa.

Nikamwondoa Mtakatifu Yosefu. Wale madume wakaonana. Wakafungua mapezi yote, mmoja buluu, mwingine mwekundu, wote damu ya mzee, kama sketi za marinda zilizopigwa na upepo, na watu wakapiga kelele mpaka kwaya ikakosea. Nishani ya kwanza ilikwenda kwa sungura wa Gatsata, mkubwa kama mbuzi, na haki yake. Mimi nilipewa ya pili. Lakini kile kikaratasi ndicho nilichokitia ndani ya Biblia.

Wawili ni wako, dume na jike. Sangwa amekubali kuwabeba kila mmoja katika termosi yake, miguuni pake, Jumamosi ya wiki ijayo, ila anataka kwanza ahakikishe kama utakuwa kituoni. Teka maji ya bomba, si ya ziwa, uyaache wazi. Nijibu upesi.

Dada yako,
Donatille