Safari ya leo hatuendi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto waoge kwanza, ndipo wale.

Safari hatuendi. Utanicheka kwamba mimi kunguru mwoga, lakini asubuhi nilipokwenda kukata tiketi nilimkuta dereva amelalia usukani, ananuka pombe. Nikamwambia, "Kaka, pumzika kwanza." Akacheka: "Dada, sikukuu haimsubiri mtu." Akawasha basi.

Mdogo wako alikuwa ameshapanda, kiti cha mbele. Nilimsihi ashuke, akanipungia mkono tu. Sasa simu yake inaita, hapokei.

~~Nitarudi mchana.~~ Usinisubiri. Hospitali wamenipigia niwahi wodini, likizo au si likizo: kuna basi limepinduka. Hawajasema basi gani.

Mama yenu asiambiwe kitu bado.

Mama watoto