Sheria Imemkuta Noah Nyumbani

Husby, Stockholm
Tarehe 14 Machi 2026

Mpendwa kaka yangu Herménégilde,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyotaka kuondoka. U hali gani, na mguu umepona? Wifi Ariane bado anauza vitenge pale Buyenzi, au mgongo umemlazimisha kupumzika? Naomba barua hii iwakute wazima, maana habari yangu si ya kusimuliwa kwa simu. Nikianza nalia, na Noah yuko chumba cha pili anasikia.

Kaka, Noah anarudishwa Burundi. Yeye peke yake. Tangu mume wangu Ernest atutoke, kibali chetu kinategemea kazi yangu ya kutunza wazee, na watoto walikuwa chini yangu. Tukiwa tunasubiri kibali kipya, Noah akatimiza miaka kumi na minane. Watu wa uhamiaji wakasema huyu sasa ni mtu mzima, asimame mwenyewe. Mimi na mdogo wake Kelly tumepewa, yeye amenyimwa. Tulikata rufaa, tukashindwa. Mtoto aliyekuja hapa na miaka mitatu!

Uamuzi ulimkuta akimalizia kazi yake ya mwisho ya shule, gymnasiearbete wanavyoiita. Alichagua kuandika habari za Oklahoma ya Marekani, ilivyokuwa kabla haijafanywa jimbo. Mimi napika, yeye ananisimulia, hata mambo yale nikayajua kama ya jirani.

Upande wa mashariki wa nchi ile ulikuwa wa mataifa ya wenyeji wa asili, waliosukumwa huko kutoka kwao. Pamoja nao waliishi watu weusi, zamani watumwa wao, ambao baada ya uhuru walipata mashamba, shule na kura. Jimbo lilipokaribia, wenyeji waliandika katiba yao wenyewe na watu wakaipigia kura ya ndiyo. Washington hawakutaka hata kuijadili. Nchi yao ikaunganishwa na ya walowezi wa magharibi. Weusi walipoona hatari inakuja, waliwatuma watu wao kwa Rais kumsihi asiikubali katiba ya jimbo hilo jipya. Akaikubali. Jimbo halijakaa sawa, ikatungwa sheria ya kuwatenga weusi kwenye treni, na baada ya miaka michache wakanyang'anywa na kura.

Siku ya kuisoma kazi yake darasani nilikwenda. Alizungumza vizuri, mpaka msichana mmoja, Hanna, akamuuliza, wala hakuwa na ubaya: "Kwa nini hawakuhama tu?"

Noah akasema, "Wahamie wapi? Pale ndipo kwao." Akachukua mkoba akatoka. Darasani hakuna aliyejua kwamba anarudishwa. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amejikunyata.

Mzee Jean-Bosco wa kanisani ana mtu kule Märsta aliye tayari kumficha. Nilimwambia Noah afungashe nguo. Akakataa. Nikamfokea, kaka, nikamfokea kama sijui yaliyompata.

"Mama, nikijificha sitasoma, sitafanya kazi. Nitakuwa hapa na sipo."

"Na wale uliowaandika? Walikubali tu?"

"Hawakukubali. Walikwenda mpaka kwa Rais wakasema. Na bado walishindwa."

"Kwa hiyo historia yako imekufundisha kushindwa?"

"Jag vet inte, mamma," akanijibu. Sijui, mama. Halafu akaniegemea, mtu mzima yule wanayemsema, nikausikia uzito wake wote.

Nimefikiria kumfuata. Lakini figo za Kelly zimechoka, anasafishwa damu kwa mashine hospitalini kila wiki, na sijui huko ataipata wapi mashine hiyo. Nina watoto wawili na ninalazimishwa kuchagua, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo mbele yangu. Sili, silali.

Noah ameamua kuondoka mwenyewe kabla polisi hawajamfuata. Anafika Bujumbura Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mchana. Kiswahili anakisikia, ila hujibu polepole. Kirundi hana. Watu wasimcheke, kaka. Akikaa kimya sana, msimwache peke yake.

Nisalimie shangazi Josephine, na Clovis na mkewe. Wifi Ariane mwambie nampa mwanangu, asimwone mgeni.

Mungu nimemwomba mengi mwaka huu. Sasa namwomba hili moja, amfikishe mikononi mwako, na wewe akupe nguvu za kumshika. Uende uwanja wa ndege mapema. Ni mrefu, ana shingo ya marehemu baba yetu. Ukimwona amesimama hajui aelekee wapi, usingoje akutafute. Mwite jina lake kwa sauti.

Mimi dada yako, nikupendaye hata leo nikiwa sina kitu kingine,

Emérithe