Bibi Yangu Mwanaisha na Ubatizo Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Gare hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na ukungu haujaondoka tangu Jumatatu.

Unauliza kama watu wote wataokolewa. Nami niliuliza hivyo nikiwa msichana, mwaka ule mitumba iliporuhusiwa na gulio likajaa rangi kama ndotoni. Nilikwisha kununuliwa gauni jeupe la ubatizo. Lakini bibi yangu Mwanaisha, Mwislamu aliyenilea, alikuwa amefariki, na mwenzangu mmoja katika darasa la ubatizo akasema bibi amepotea, hataokolewa.

Nikamwambia katekista wetu, Mzee Anselmi, “Basi sibatizwi. Siendi mahali ambapo bibi hayupo.”

Hakunikemea. Alichukua jembe lake, tukapanda hadi kwenye kaburi la bibi, ukungu umetufunika hata sikuiona miguu yangu. Akapalilia magugu taratibu, kisha akavua kofia.

“Nani ataingia, mwanangu, mimi sijui,” akasema. “Ninachojua, Mungu ndiye aliyeanza kututafuta ili tupatane naye. Wewe mtajie Mungu jina la bibi yako.”

Nikalitaja jina lake kwa sauti. Nilihisi kama mtu amenishika mkono. Pasaka nikabatizwa.

Jibu kamili sina hadi leo, Neema. Lakini kila asubuhi nikisali humtaja bibi kwanza, ndipo ninapojitaja mimi, na sijawahi kuhisi kwamba Mungu amechoka kulisikia jina lake.

Ni mimi bibi yako,
Gare